Joto halipotei, linahama: namna ya kulibakiza ndani bila kulala na jiko la mkaa

Msimu wa baridi ndio huu. Kuanzia Juni hadi Agosti, hapa Daraja Mbili na mji wetu wa Arusha kwa jumla, usiku huweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13 za sentigredi. Kwa wenzetu wanaoishi juu mlimani, Ilkiding'a, Sambasha, Olgilai na kule Nkoaranga, huwa chini ya hapo. Mawingu yanakaa Mlima Meru, jua linachelewa, na nguo zilizofuliwa Jumatatu zinakauka Jumatano.

Kila msimu huu ukifika, mambo mawili hurudi. La kwanza ni mkaa kuisha haraka. Maji ya kuoga yachemshwe, chai iwe ya moto, makande yapikwe, na gunia lililotegemewa kumaliza mwezi linaisha kabla. La pili ni zito zaidi. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Kila mwaka nchini mwetu husikika habari za waliolala hivyo na hawakuamka.

Mambo haya mawili yana mzizi mmoja, yaani jinsi joto linavyosafiri. Ukielewa hilo utapika kwa mkaa kidogo, na utalala na joto bila kuhatarisha familia yako. Hesabu zilizomo humu ni chache na nyepesi, tutakwenda pamoja polepole.

Nishati ni nini?

Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Mtu aliyekula ugali ana nishati ya kulima. Maji yanayoporomoka kutoka mlimani yana nishati ya kuzungusha mashine. Mkaa una nishati ambayo mti uliipata kutoka kwenye jua na kuihifadhi kwa miaka. Umeme wa nyumbani nao ni nishati.

Kanuni kubwa ya kukumbuka ni hii: nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Inabadilika umbo na inahama mahali. Kwa hiyo tukisema "joto limepotea", maana yake ni kwamba limekwenda mahali ambapo hatukulitaka.

Joto ni mojawapo ya maumbo ya nishati. Zamani wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa joto ni kitu fulani kisichoonekana, kinachotiririka kama maji kutoka chombo hadi chombo. Mwaka 1798, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana zaidi kama Count Rumford, alichapisha taarifa ya jaribio alilolifanya Munich, Ujerumani, kwenye karakana ya kutoboa mizinga ya vita. Alizamisha chuma cha mzinga ndani ya maji, akaacha farasi wazungushe kekee butu iliyokuwa ikisugua chuma hicho. Baada ya saa mbili na nusu hivi, maji yakachemka. Hapakuwa na moto wowote. Joto lilitoka kwenye mwendo na msuguano.

Jambo hilo wewe mwenyewe unalifanya kila asubuhi ya baridi: unasugua viganja vinapata joto. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo hazitulii hata mara moja. Zikitikisika kwa kasi, kitu kinakuwa cha moto. Zikitikisika taratibu, kinakuwa cha baridi. Miaka ya 1840 Mwingereza James Joule alipima ni kazi kiasi gani inaleta joto kiasi gani, na hadi leo kipimo cha nishati kinaitwa juli kwa heshima yake.

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: joto na halijoto. Halijoto ni ukali wa moto wa kitu, ule unaosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni kiasi cha nishati kinachohama. Cheche ya mkaa ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini haiwezi kupasha hata kijiko cha maji kwa sababu ni ndogo mno. Ndoo ya maji ya uvuguvugu haiunguzi mtu, lakini imebeba joto jingi kuliko ile cheche. Tulikumbuke hili, tutalihitaji tukifika chumbani.

Barabara tatu za joto

Joto huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi. Halirudi nyuma lenyewe. Tunapenda kusema "baridi imeniingia mwilini", lakini kilichotokea hasa ni joto lako kutoka. Linatoka kwa barabara tatu, ambazo watoto wetu huzisoma shuleni kwa majina ya mpitisho, msafara na mnunurisho.

Mpitisho ni joto kupita kwa kugusana. Weka kijiko cha chuma na mwiko wa mti kwenye uji unaochemka. Baada ya dakika chache kijiko hakishikiki, mwiko unashikika. Chembe za chuma zinasukumana haraka na kupeana joto hadi juu, za mti zinapeana taratibu. Chuma na aluminiamu hupitisha joto upesi. Mbao, udongo, nyasi na pamba hupitisha taratibu. Hewa iliyotulia, isiyotembea, hupitisha taratibu kuliko hivyo vyote.

Jaribu asubuhi: simama mguu mmoja juu ya mkeka, mwingine juu ya sakafu ya saruji. Saruji itaonekana ya baridi zaidi, ingawa vyote vimelala chumba kimoja na vina halijoto ileile. Tofauti ni kwamba saruji inanyonya joto la mguu wako upesi kuliko mkeka.

Msafara ni joto kubebwa na hewa au kimiminika kinachotembea. Maji ya chini ya sufuria yakipata moto yanatanuka, yanakuwa mepesi na kupanda juu. Ya juu yenye baridi ni mazito, yanashuka. Ndiyo maana maharage yanazunguka sufuriani bila kukorogwa. Nyumbani ni hivyohivyo. Hewa yenye joto inapanda hadi batini, inatokea kwenye uwazi uliopo kati ya ukuta na bati, na hewa ya baridi inaingia chini ya mlango kuchukua nafasi yake.

Mnunurisho ni joto kusafiri kama miale, bila kuhitaji kugusa kitu wala kubebwa na hewa. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na kati yetu na jua kuna eneo kubwa lisilo na hewa, lakini joto lake linafika. Ukiota moto, uso unaungua huku mgongo una baridi. Hiyo ni miale ya moto inayokupiga upande mmoja. Bati nalo linanunurisha: usiku usio na mawingu linatupa joto lake angani, linakuwa la baridi kuliko hata hewa ya nje, na asubuhi unalikuta lina umande.

Mkaa wako unakwenda wapi?

Sasa twende jikoni. Kilo moja ya mkaa mzuri, mkavu, ina nishati ya karibu megajuli 29, yaani kilojuli 29,000. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Ukitaka kuchemsha sufuria ya lita tano iliyo na maji ya nyuzi 20, unahitaji kilojuli 1,600 hivi.

Kama joto lote la mkaa lingeingia kwenye maji, gramu 55 zingetosha. Hivyo ni vipande vinavyojaa kiganja. Mama au baba yeyote anayepika anajua kwamba haiwezekani. Jiko la bati tupu, lisilo na udongo ndani, kwa kawaida huingiza sufuriani robo ya joto au chini ya robo. Kwa hiyo utachoma gramu 220 au zaidi kwa kazi ileile.

Lililobaki limepita barabara zetu tatu. Bati la jiko limekuwa jekundu na linapasha hewa ya uani. Hewa ya moto imepita pembeni mwa sufuria ikaenda zake. Miale imekwenda ukutani na miguuni kwako. Na mkaa uliobaki unawaka baada ya chakula kuiva, haupikii mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu wa majiko akiwemo mbunifu Maxwell Kinyanjui walichukua wazo la jiko la ndoo linalotumika Thailand na kuliunganisha na jiko la bati ambalo watu walishalizoea. Ndani waliweka kikombe cha udongo uliochomwa. Mafundi bati wa mitaani waliweza kulitengeneza wenyewe, likaenea Afrika Mashariki. Majiko ya udongo ndani unayoyaona leo katika masoko yetu ni ya ukoo huo.

Kazi ya ule udongo ni ya fizikia tupu. Hupitisha joto taratibu, kwa hiyo joto halikimbilii nje kupitia ubavuni. Makaa yanabaki na moto mkali zaidi, na ukuta wa udongo ukishapata moto unanunurisha joto kuelekea sufuria. Jiko la namna hii likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi.

Ukienda kununua, angalia mambo manne:

- Udongo usiwe na ufa, na ushikane vizuri na bati. Ufa ni njia ya joto kutoroka.
- Sufuria ikae karibu na makaa bila kuyafunika kabisa. Ikiwa juu sana, hewa ya moto inapita pembeni.
- Mlango wa hewa wa chini ufunguke na kufunga, ili upunguze moto chakula kikishachemka.
- Ukubwa wa jiko ufanane na sufuria yako. Jiko kubwa kwa sufuria ndogo ni kupasha uani.

Maji ya Arusha yanachemka mapema

Wengi waliokulia Tanga au Dar es Salaam wakahamia huku hushangaa maharage yanavyochelewa kuiva. Sababu ipo. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji inapungua. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kilele cha Meru, kilicho zaidi ya mita 4,500, huchemka kwa nyuzi 85 hivi.

Maji yakishachemka, hayazidi hapo. Ukiongeza mkaa yatatokota kwa kelele na kutoa mvuke mwingi, lakini halijoto itabaki nyuzi 95 na maharage hayataiva upesi zaidi. Joto la ziada lote linatumika kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo inakula nishati vibaya. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji karibu mara saba ya joto lililotumika kuyachemsha kutoka kwenye ubaridi. Kila mara sufuria inapokauka ukaongeza maji, umelipa mara saba.

Kwa hiyo funika sufuria. Chakula kikichemka punguza moto, kiendelee kutokota taratibu. Loweka maharage na mahindi ya makande tangu jana yake. Aliye na sufuria ya presha, au jiko la umeme la presha, ana faida kubwa zaidi kwetu wa mlimani: mvuke uliofungiwa unayakandamiza maji, yanafika zaidi ya nyuzi 110, na maharage yanaiva kwa muda mfupi.

Ipo njia nyingine isiyohitaji fedha. Chukua kikapu kikubwa au boksi, jaza majani makavu, maganda makavu ya migomba au nguo kuukuu, uache shimo katikati la kutosha sufuria. Makande yakishachemka vizuri jikoni, funika, ingiza sufuria katika shimo hilo na uweke mto au blanketi zito juu. Majani yameshika hewa iliyotulia, na tumeona hewa iliyotulia inavyozuia joto. Chakula kitaendelea kuiva saa kadhaa bila moto. Ni kanuni ileile ya chupa ya chai.

Zingatia tahadhari mbili. Maharage yachemke kweli jikoni kwa nusu saa kabla ya kuingia kikapuni, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yasipochemka vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Na chakula kisilale humo hadi asubuhi. Kitoe kingali cha moto, kichemshe tena kidogo, kila mtu ale.

Jiko chumbani: joto linabaki, na sumu inabaki

Sasa tufike kwenye lile zito. Mkaa ukiwaka kwa hewa ya kutosha hutoa kabondayoksaidi. Hewa ikipungua, hutoa pia kabonimonoksaidi, na hii ndiyo inayoua. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni utakutoa nje kwa kikohozi, hii haikuamshi.

Ikivutwa, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, saa baada ya saa inajaa kwenye damu, na ubongo na moyo vinakosa oksijeni huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida.

Tazama sasa mtego ulipo. Ili chumba kishike joto, unaziba kila mwanya: unafunga dirisha, unaweka nguo chini ya mlango. Mianya hiyo ndiyo ile ambayo hewa ya moto ilikuwa inatokea, na ndiyo hiyohiyo ambayo sumu ingetokea. Ukizuia msafara wa joto umezuia na msafara wa sumu. Tena oksijeni ya chumbani inapungua, moto unakosa hewa, na mkaa unazidi kutoa kabonimonoksaidi. Jinsi chumba kinavyoshika joto vizuri ndivyo kinavyoua upesi. Hakuna namna ya kufunga chumba ili joto la jiko libaki na sumu yake itoke.

Wasikilizaji wetu wana maneno ambayo wameyasikia mitaani, tuyapitie.

"Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu hauna sumu." Si kweli. Kinachoisha ni moshi tu. Makaa mekundu, na hata yaliyofunikwa majivu, yanaendelea kutoa kabonimonoksaidi.

"Weka beseni la maji karibu na jiko, litainyonya." Si kweli. Hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukuokoa.

"Lala chini sakafuni, sumu inapanda juu." Si kweli. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, inachanganyika chumba kizima.

"Sisi tumeliweka jiko chumba cha pili." Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini hazina dari, na ukuta wa kati haufiki hadi batini. Hewa ya chumba kimoja ni hewa ya vyumba vyote. Jiko la jirani yako ni lako pia, kwa hiyo zungumzeni wapangaji wote pamoja.

Gesi ya mtungi nayo haifai kuachwa inawaka usiku ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu inakula oksijeni na ikikosa hewa hutoa sumu hiyohiyo. Na wafugaji wanaopasha vifaranga kwa chungu cha mkaa wasilale bandani, na banda liwe na matundu ya hewa juu.

Lala na joto lako mwenyewe

Habari njema ni kwamba jiko tayari unalo. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la karibu wati 70, kama balbu ya zamani ya nyuzi. Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kuzuia lako lisihame. Kwa hiyo ziba barabara tatu za mwili wako, na uache hewa ya chumba itembee.

Anza na chini. Watu hujifunika mablanketi matatu juu huku godoro ni jembamba na sakafu ni saruji. Joto linashuka kwa mpitisho usiku kucha. Maboksi yaliyokunjuliwa, mkeka au majani makavu chini ya godoro yatakusaidia kuliko blanketi la nne.

Juu, vaa na jifunike tabaka nyingi nyepesi badala ya moja zito. Kati ya tabaka na tabaka kuna hewa iliyotulia, na hiyo ndiyo kinga. Funika kichwa kwa kofia na miguu kwa soksi kavu. Nguo mbichi usilale nazo, kwa sababu maji yanayokauka mwilini yanaondoka na joto lako, kama ule mvuke wa sufuria.

Halafu tumia joto la maji. Pika maji nje jioni, yatie kwenye dumu gumu au chupa ya mpira maalumu. Yawe ya moto lakini yasiwe yanayochemka, maana plastiki italainika. Funga kifuniko sawasawa, zungushia taulo, weka kitandani nusu saa kabla ya kulala, kisha lisogeze miguuni. Lita mbili zikipoa kwa nyuzi 20 hutoa kilojuli 168, karibu sawa na joto ambalo mwili wako unalitoa kwa dakika 40. Kumbuka ile ndoo ya uvuguvugu na cheche. Dumu hilo lisigusane na ngozi tupu, na lisiwekwe kwa mtoto mchanga. Mtoto mchanga apashwe joto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mama akiwa macho.

Kwa nyumba yenyewe, dari ni kitu cha kwanza cha kuwekeza pale fedha ikipatikana. Hewa iliyo kati ya dari na bati hupunguza joto linalopotea juu. Hata dari ya magunia safi yaliyoshonwa inasaidia, ila isiwe karibu na moto. Pazia zito dirishani na mlangoni husaidia pia. Acha uwazi kidogo wa hewa juu ya dirisha.

Na ukitaka kuota moto, ota. Kaeni nje au jikoni penye uwazi, mwili upate miale, mnywe chai, kisha jiko libaki huko. Lizimwe kwa majivu au mchanga mbali na watoto, lisifuatane nanyi kulala.

Ukihisi au ukikuta mtu ameathirika

Dalili za kwanza hufanana na malaria au mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito usio wa kawaida. Ukiona kichwa kinauma ukiwa ndani na kinapoa ukitoka nje, au watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, shuku jiko.

Tokeni nje wote mara moja. Ukimkuta mtu amezirai, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, fungua mlango na dirisha, mtoe nje haraka. Usikae ndani ukijaribu kumwamsha. Piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu sumu bado imo kwenye damu na tiba yake ni oksijeni. Mwambie mganga wazi kwamba chumbani kulikuwa na jiko la mkaa. Usione aibu, neno hilo ndilo linaloharakisha tiba.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lakini baridi haisubiri 2034, na mkaa bado ndio tulio nao wengi wetu. Kwa sasa, tuutumie kidogo, tuutumie nje.

Msikilizaji, kama una mpangaji mwenzako, bibi au babu asiye na simu, msomee makala hii usiku wa leo kabla jiko halijaingia ndani. Ukiwa na swali kuhusu joto, mkaa au nyumba yako, tutumie ujumbe mfupi na tutalijibu hewani. Lala salama.